Fuvu linaloongea: Mchezo wa simu ambao silaha yake ni maneno

KWA wazazi wengi, mchezo wa kompyuta ni kelele za risasi, magari yanayogongana na kandanda isiyo na jasho. Nami niliamini hivyo hadi nilipozuru nyumbani Ronge, katika milima ya Taita, nikamkuta mpwa wangu ameketi kando ya meko, simu mkononi, kimya kama aliye kanisani.

"Shikamoo, Mjomba," alisema bila kuinua macho. Hilo peke yake lilitosha kuniudhi.

Nilidhani anapiga soga na wenzake. Kumbe alikuwa akisoma. Kwenye kioo cha simu palikuwa na aya nzima ya Kiingereza, na chini yake orodha ya majibu yaliyopewa nambari. Alitakiwa kuchagua jibu moja tu, na alikuwa amekwama.

Mchezo wenyewe unaitwa Planescape: Torment. Uliundwa na kampuni ya Black Isle Studios ya Marekani na kutolewa mwaka wa 1999, mbunifu wake mkuu akiwa Chris Avellone. Mnamo 2017 ulitolewa upya na kampuni ya Beamdog, safari hii hata kwa simu za mkononi. Ndiyo maana leo unaweza kuchezwa penye meko ya Ronge.

Michezo ya aina hii humfanya mchezaji kuvaa nafsi ya mhusika mmoja katika ulimwengu wa kubuni. Katika Torment, mhusika huyo ni mwanamume asiye na jina. Anazinduka juu ya meza ya chumba cha maiti, mwili umejaa makovu, wala hakumbuki yeye ni nani. Hawezi kufa kama wafavyo watu wengine: akiuawa huamka tena. Kazi ya mchezaji ni kutafuta jina lake na sababu ya balaa hiyo.

Swali ambalo msomaji atauliza ni hili: mchezo uko wapi hapo? Jibu ni kwamba uko katika mazungumzo. Mapigano yapo, lakini mengi yaweza kuepukwa kwa anayejua kusema. Maneno yaliyoandikwa humo hukadiriwa kuwa 800,000, idadi inayozidi kidogo maneno ya Biblia nzima katika tafsiri ya kale ya Kiingereza.

Mfumo wake ni rahisi kuueleza. Mwanzoni mchezaji hupewa pointi 21 za kugawia sifa sita za mhusika wake, zikiwamo nguvu, akili, hekima na mvuto wa nafsi. Anayerundika pointi zake kwenye nguvu atashinda ngumi. Anayeziweka kwenye akili na hekima ataona majibu ambayo mwenzake hayaoni kabisa, na kumbukumbu zilizopotea zitamrudia.

Kwa maneno mengine, mtu mjinga katika mchezo huu hazuiliwi kusema jambo la busara. Jambo lenyewe halimjii.

Upo ujanja mwingine, na ndio uliomkwamisha mpwa wangu. Mara kwa mara jibu lile lile huandikwa mara mbili. La kwanza limetiwa alama kwamba ni kweli, la pili kwamba ni uongo. Anayesikiliza atasikia maneno yale yale, lakini mchezo huiweka hesabu, na mwenendo wa mhusika huandikwa upya kidogo kidogo kwa kila atamkalo.

Katika sehemu za mwanzo, mhusika hukutana na mzimu wa mwanamke aliyempenda alipokuwa hai. Mwanamke huyo hajasahau lolote. Mwanamume hakumbuki chochote. Mchezaji aweza kumwahidi kwamba atamsaidia. Aweza kuahidi kwa dhati, au kuahidi huku akijua kwamba anadanganya.

"Mjomba," aliniuliza kijana, "neno hili hapa kwa Kiswahili ni ahadi au ni kiapo?"

Nilimweleza kwamba ahadi ni deni baina ya watu wawili, ilhali kiapo humwita shahidi aliye mkubwa kuliko wote wawili. Nilijiona nimejibu vyema, kama inavyompasa mtu aliyekula chumvi ya uhariri miaka mingi.

Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharagwe karibu nasi, aliuliza ni nani anayeahidiwa. Mjukuu wake alimtafsiria yote, kutoka chumba cha maiti hadi mzimu.

"Ahadi kwa marehemu haina wa kuidai, mjukuu wangu," alisema. "Ndiyo maana ni nzito."

Hapana aliyejibu. Babu wa kijana huyo tulimzika mwaka mmoja kabla, na nyumba nzima ilijua kwamba mjukuu aliahidi kando ya kitanda chake kumaliza shule. Ilijua pia kwamba majuzi alikuwa ameanza kuzungumzia kazi ya bodaboda kule Mwatate.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mchezo huu si mgeni sana milimani kwetu. Mwandani wa kwanza wa yule mwanamume asiye na jina ni fuvu la kichwa linaloelea hewani na kuongea bila kukoma. Mtoto wa mjini ataliona kuwa kichekesho. Lakini kabla ya Ukristo kuenea, Wataita walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda na kuyaweka katika mapango ya ukoo, na katika dhiki walikwenda huko kutambika. Kwao, aliyekufa alibaki kuwa mtu wa kuzungumza naye.

Aidha, ngano ya fuvu linalosema husimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika. Nao utaratibu wa msimulizi kusema na wasikilizaji kuitikia ni wa kale kuliko umeme. Tofauti ni kwamba katika mchezo, muitikiaji ana uwezo wa kuigeuza hadithi.

Walakini, kuna kizingiti kimoja kikubwa, nacho ni lugha. Mchezo ambao maneno ndiyo silaha humpendelea mwenye maneno. Torment umetafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kipolandi miongoni mwa lugha nyingine, Kiswahili hakimo. Isitoshe, wakazi wa mji unaosimuliwa huzungumza kwa misimu iliyochotwa katika Kiingereza cha zamani cha wahuni wa London. Mpwa wangu hupata alama nzuri za Kiingereza, lakini alikuwa akipapasa kila sentensi ya tatu.

Hali hii haiwakumbi Waafrika pekee. Mchezo wa Disco Elysium wa mwaka wa 2019, wenye maneno yanayozidi milioni moja, uliongozwa na Robert Kurvitz, mwandishi wa riwaya kutoka Estonia. Lugha yake ina wasemaji wapatao milioni moja tu, naye aliuandika mchezo huo kwa Kiingereza.

Kiswahili hakina udhuru wa uchache wa wasemaji. Tena, mlango umekwisha kufunguliwa. Mnamo Aprili 2024 ulitolewa mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeuwaza kutokana na majonzi ya kufiwa na babake. Ndani yake mganga kijana anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Huo ni mchezo wa kuruka na kupigana zaidi kuliko wa kujibizana, lakini wahusika wake waweza kusikika wakizungumza Kiswahili.

Kuutafsiri mchezo wa kujibizana kungekuwa mtihani mkubwa zaidi. Kiingereza kina neno moja la kumwita mfalme na mwombaji. Mtafsiri wa Kiswahili angelazimika kuamua ni nani atakayeamkiwa kwa shikamoo, na kama wahuni wa mji ule watasema Sheng au lahaja fulani ya pwani. Hiyo ni kazi ambayo wanafunzi wetu wa tafsiri vyuoni wangeweza kuionea fahari.

Simshauri mzazi yeyote kumwachia mtoto simu usiku kucha. Mchezo huu una visa vya ukatili, nao humeza saa nyingi. Ninachoshauri ni mzazi aketi kando, aulize kinachosemwa, kisha asikilize jibu. Nyanya mmoja wa Ronge alifanya hivyo akiwa na ungo wa maharagwe mapajani.

Na yule kijana? Aliitazama simu kwa muda, akachagua ahadi ya kweli, kisha akaizima ili kuokoa betri. Shule zilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kushuka barabarani kungojea matatu, sanduku lake la bati kichwani.