WAYA IMELALA CHINI: USIIAMINI

Ndugu mfanyakazi, wewe uliyetoka Minembwe, Fizi au Baraka kuja kutafuta kazi mgodini, kwenu wengi wamezoea umeme wa sahani ya jua juu ya bati. Taa ikizimika, unajua betri imekwisha au waya imekatika, basi. Umeme wa laini kubwa hauna tabia hiyo. Siku hizi laini inaongozwa na kompyuta, nayo huzima na kuwasha pasipo mtu kugusa swichi.

Namna yake ni hii. Katika kituo cha umeme kuna chombo kinachopima umeme upitao, usiku na mchana. Radi ikipiga, au tawi likigusa nyaya, chombo kinafungua swichi kubwa kabla hujapepesa jicho. Kisha kinangoja kidogo na kujaribu kuwasha tena, maana mara nyingi radi imekwisha pita na tawi limeanguka. Ndiyo sababu taa za nyumbani huzima na kuwaka ghafula wakati wa mvua. Habari zote zinakwenda kwenye chumba cha uongozi, pengine mbali sana. Laini ya Inga–Kolwezi, iliyoanza kazi miaka ya 1980 kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi!

Sasa fikiri juu ya mtu aliyeshika waya wakati chombo kinangoja.

Tena, waya ikiangukia udongo mkavu, umeme unaopita ni mdogo, na chombo huenda kisitambue kabisa. Waya imelala kimya kama kamba ya nguo, kumbe ina umeme. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya ya umeme mkubwa ilikatika na kuanguka penye maji. Watu wasiopungua 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa wakiuza na kununua.

Vyombo hivi kwanza vinalinda mashine. Huko Kenya, tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma ya Gitaru. Mashine zikazimika moja baada ya nyingine na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alipona. Usijaribu wewe.)

Kwa hiyo, fundi, neno «imezimwa» kwenye kioo cha kompyuta halikutoshi. Zima, tia kufuli yako mwenyewe, ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwa mwenzako wala kwa mkubwa wako. Pima. Unganisha nyaya na ardhi. Hapo ndipo ushike.

Na wewe mama, ukiona waya chini, kaa mbali mita 10 au zaidi, uwazuie watoto na mbuzi, utume mtu kuita watu wa umeme. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie: umeme hupita katika udongo na kupanda kwa miguu iliyoachana. Ondoka kwa kuburuta nyayo, miguu ikigusana.

Jenereta ya nyumbani nayo usiifunge kwenye waya za kampuni bila swichi ya kubadilisha. Umeme wake mdogo unarudi hadi transfoma, unakuzwa huko kuwa mkubwa, na kumkuta fundi juu ya nguzo, aliyeambiwa laini imezimwa.