Aiskrimu ya Matunda Bila Friji

Leo nataka tuzungumze mambo ya tumbo. Kila ifikapo mwezi wa Februari jua la Mombasa huwaka hata lami ikalainika, na hapo ndipo utawaona watoto wa mtaani kwetu wakikimbilia barafu za ukwaju na za ubuyu. Ni tamu, sikatai. Mgala muue na haki umpe. Lakini hebu muulize muuzaji kama maji yake aliyachemsha, uone atakavyokukodolea macho kama aliyetukaniwa mamake!

Na jambo hili si la mzaha. Wengi wetu hudhani ati baridi ya friza huua vijidudu. Haiviui. Viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vinaweza kulala tu ndani ya barafu, kisha barafu ikiyeyuka mdomoni navyo vikaamka. Ndiyo maana nasema heri kujitengenezea, kwa maji unayoyajua.

"Aka! Sisi kwetu hatuna friji." Najua mwenzangu wa kule nyuma ushaanza kuguna. Hata kwetu haipo. Tulia, nitakufikia.

Wacha kwanza nimalizane na wenye friza, maana kazi yao ni nyepesi. Chukua ndizi 4 zilizoiva sana, zile zenye madoadoa meusi ambazo nyumbani hakuna anayezitaka. Zimenye kwanza, kwani ukizigandisha na maganda yake utapambana nazo kwa kisu. Zikate vipande vyembamba, uzitandaze kwenye sahani, uzilaze frizani usiku kucha. Asubuhi zisage kwa blenda, au zitwange kwenye kinu kidogo (kioshwe vizuri, la sivyo utakula aiskrimu ya kitunguu saumu). Zitalainika ziwe kama zilizotiwa malai, na hujatia hata tone la maziwa.

Kwa nini ndizi ikubali na tikiti maji likatae? Siri ni maji na sukari. Tikiti ni maji zaidi ya asilimia 90, na maji matupu yakiganda hujishika yakawa jiwe. Sukari huyaingilia yasishikane yote, hivyo barafu inayotokea huwa ya chembe ndogo ndogo. Ndizi iliyoiva ina sukari tele na nyama nzito. Basi ukitia sukari kidogo mno, utavunja meno. Ukiizidisha, haitaganda asilani, itabaki uji. Na kumbuka kwamba ulimi uliopigwa na baridi hauonji utamu sawasawa, kwa hivyo mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko sharubati unayoipenda.

Haya, sasa tuje kwetu sisi tusio na friji. Hapa panahitajika barafu ya kununua, chumvi, ndoo, na mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, usio na kutu. Barafu utaipata kwa wauza samaki. Usikunje uso! Barafu hiyo haiingii tumboni, inakaa nje ya mkebe.

Menya maembe 2 makubwa yaliyoiva. Ukipata ngowe au boribo umepata, kwani hayana nyuzi za kukwama menoni. Yaponde, tia sukari vijiko 3, maji ya ndimu 1, na nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimina mkebeni, usiujaze pomoni, ufunge kabisa. Ponda barafu kwa nyundo ndani ya gunia. Kwa kila vikombe 3 vya barafu tia kikombe 1 cha chumvi, uzungushie mkebe ndani ya ndoo, ila barafu isifikie kifuniko, la sivyo chumvi itapenya ndani. Halafu uzungushe mkebe huo kulia na kushoto bila kuchoka. Kila baada ya dakika kama 10 upanguse, ufungue, ukwangue kwa kijiko kile kilichoganda pembeni, ukoroge, ufunge tena. Baada ya nusu saa hivi utakuwa na aiskrimu ya embe.

Si uchawi huo. Barafu pekee ina baridi ya digrii 0, nayo rojo ya embe yenye sukari huhitaji baridi kali kuliko hiyo ndipo igande. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka hunyonya joto la mkebe. Maji hayo ya chumvi yanaweza kushuka hadi digrii 21 chini ya sufuri! Kwa hiyo usiyashike kwa mkono mtupu, yanachoma kama moto. Maarifa haya ni ya kale. Mwaka wa 1843 mama mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alipata hataza ya mashine ya aiskrimu ya kuzungushwa kwa mkono, nayo ilitegemea barafu na chumvi hivi hivi.

Nanasi nalo ni tamu ajabu likitengenezwa hivyo, lakini usilichanganye na maziwa likiwa bichi. Lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini ya maziwa, na baada ya muda mfupi utaonja uchungu. Ukitaka maziwa, lichemshe kwanza, lipoe.

Pakua kwenye vikombe. Ile mifuko myembamba ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, nayo vikombe huoshwa vikatumika kesho. Kule kuzungusha mkebe wape wadogo zako, ila usiwape kijiko mapema, maana kila wakifungua kukoroga wataonja, na nusu saa ikitimia utakuta mkebe mtupu.