Kitanda kinapolia usiku, kosa huwa sakafuni

KITANDA kinacholia kila aliyelala anapojigeuza kimewavunjia heshima wapangaji wengi jijini Dar es Salaam. Katika nyumba ambazo vyumba vinatazamana ukumbini, na ambamo kuta za ndani mara nyingi hazifiki kwenye paa, mlio wa chumba kimoja husikika katika vyumba vyote, na asubuhi bombani hakosekani wa kutania.

Wengi hukimbilia misumari. Wengine humwita fundi, naye hupigilia misumari zaidi. Hatimaye kitanda huuzwa kwa bei ya kutupa na kingine hununuliwa Keko, ambako karakana na maduka ya samani yamepangana. Kitanda hicho kipya huwekwa pale pale palipokuwa cha zamani, na haupiti muda mrefu nacho huanza kulia.

Mwenye kitanda humlaumu fundi aliyekitengeneza. Lawama hiyo wakati mwingine ni ya haki, kwani mbao mbichi na viungo vilivyolegea havikosekani sokoni. Hata hivyo, katika chumba ambamo vitanda viwili vimelia kimoja baada ya kingine, kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni sakafu.

Aliyewahi kupika kwa kuni analijua jambo lenyewe. Chungu kilichotegwa juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama mafiga hayalingani, kwa kuwa vitu vitatu hugusa chungu vyote kwa pamoja. Likiongezwa figa la nne, moja kati ya hayo manne huenda lisiguse kabisa.

Kitanda kina matendegu manne. Sakafu ikiwa na kishimo au kinundu, tendegu moja hubaki likining'inia, pengine kwa unene wa kadi ya simu tu. Aliyelala akigeukia upande huo, tendegu hushuka, akirudi, hupanda. Kila mara fremu nzima husokotwa, kitakizo cha kichwani kikiinamia upande mmoja na cha miguuni upande mwingine, na mahali pekee pa kuupokea msokoto huo ni kwenye viungo, pale mifumbati inapoingia katika vitakizo.

Mlio wenyewe hutokana na nyuso mbili zilizobanana ambazo hushikana kidogo kisha huachiana ghafla, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndivyo pia zeze la Wagogo linavyotoa sauti upinde unapokwaruza nyuzi zake, ila zeze hupigwa kwa hiari ya mpigaji. Viungo vikiendelea kusagana hivyo usiku baada ya usiku, ulimi wa mfumbati hupungua unene, tundu lake hupanuka, na kilichoanza kama aibu huishia kitanda kuanguka na watu wake.

Ni vyema kutofautisha mteremko na bonde. Sakafu ya saruji iliyosawazishwa kwa rula ya mbao na mwiko mara nyingi huteremkia mlangoni, tena baadhi ya mafundi hufanya hivyo makusudi ili maji ya kudekia yatoke. Mteremko ulionyooka hauna madhara makubwa, maana matendegu yote manne huugusa. Kinacholeta kelele ni pale saruji ilipodidimia kwa sababu kifusi cha chini hakikushindiliwa vizuri, au pale kigae kimoja kilipoinuka kuliko jirani yake.

Kulitambua tendegu linaloning'inia hakuhitaji pimamaji. Kipande cha karatasi hupitishwa chini ya kila tendegu kitanda kikiwa hakina mtu. Kikipita bila kukwama, ndilo hilo. Aidha, mtu anaweza kukandamiza pembe moja, kisha ile inayokabiliana nayo kwa mshazari. Kitanda kikicheza, basi hakijakaa.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kukisogeza. Wanahisabati wamethibitisha kwamba meza ya mraba yenye miguu minne inayolingana, ikizungushwa papo hapo juu ya sakafu yenye mabonde ya kawaida, hupata mahali ambapo miguu yote minne inagusa kabla ya kumaliza robo ya mzunguko. Mpangaji wa chumba kimoja hana nafasi ya kuzungusha kitanda cha futi tano kwa sita, lakini kukivuta shubiri moja kutoka ukutani huweza kutosha.

Isipotosha, huwekwa kabari. Kabari ya mbao ngumu, kama vile mninga, au kipande cha tairi la gari kilichokatwa kwa kipimo cha tendegu, hudumu. Karatasi iliyokunjwa na soli ya kandambili hubonyea upesi, na kelele hurudi. Kuna wanaochukua msumeno na kuyapunguza matendegu mengine matatu. Kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga huo ni uharibifu mtupu, kwani sakafu ya nyumba atakayohamia haitakuwa na mabonde yale yale.

Baada ya kitanda kukaa sawasawa ndipo viungo hushughulikiwa, na mpangilio huu ndio wengi wanaoukosea. Bolti zikikazwa wakati fremu bado imejisokota, huufungia msokoto ndani, na baada ya muda hulegea tena. Kabari kwanza, spana baadaye, na chini ya kila nati iwekwe washa ili isizame kwenye mbao.

Kama mlio bado upo, godoro na chaga hutolewa, kisha fremu tupu hutikiswa kwa mkono. Ikinyamaza, wa kulaumiwa ni chaga, ambazo husuguana na ubao mwembamba zinapokalia. Hapo mshumaa hutosha: nta yake husuguliwa kwenye ncha za chaga, au vipande vya kanga kuukuu hutandikwa chini yake. Sabuni kavu ya mche nayo hutumika, ila katika hewa ya pwani huvuta unyevu, hivyo mshumaa ni bora zaidi. Mafuta ya kupikia na oili chafu havifai, kwa sababu hulowesha mbao na kuizuia gundi isishike siku itakapohitajika.

Fremu tupu ikiendelea kulia, mtu mmoja huitikisa na mwingine huweka vidole juu ya kila kiungo. Kinachocheza huhisika kabla hata ya kusikika. Kiungo hicho hufunguliwa na gundi ya zamani hukwanguliwa yote, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokauka. Ulimi uliopungua huongezwa unene kwa kubandikwa ubao mwembamba, kisha hupakwa gundi na kurudishwa.

Asiye na jiliwa huzungusha kamba kwenye fremu na kuisokota kwa kijiti hadi ikaze. Kabla ya gundi kushika, kamba nyingine hupima kutoka pembe hadi pembe kwa mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, kitanda kimenyooka. Kiachwe siku nzima bila kulaliwa, kikiwa juu ya kabari zake mahali kitakapotumika, ili gundi ikauke bila msokoto.

Msumari hauna nafasi katika kazi hiyo. Ukipigwa kwenye ulimi huweza kuupasua, na kiungo kikiendelea kucheza huchimba tundu lake hadi nao unakuwa chanzo kingine cha mlio.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba, kisha huutoa na kusinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma, watumishi wengi wamesafirisha samani zao kutoka pwani hadi kwenye hewa kavu. Ulimi uliobana vizuri Dar es Salaam huweza kulegea huko wakati wa kiangazi bila mtu yeyote kukosea, juu ya kwamba kitanda kimekutana na sakafu nyingine. Ndiyo maana viungo vinavyofungwa kwa bolti humfaa mtu wa kuhamahama kuliko vya gundi.

Kwa vitanda vya chuma, kuanzia na tendegu ni kule kule. Ndoano zinazoshikia mifumbati huvishwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili chuma kisisage chuma, na kutu husuguliwa kwa msasa kabla ya kupakwa grisi. Ila mlio ukitoka mahali palipochomelewa, huenda pamepata ufa, na kitanda cha namna hiyo, hasa cha ghorofa kinacholaliwa na watoto, kisitumiwe hadi fundi wa kuchomelea akikague.