Mimba Kuharibika Mara kwa Mara: Wapimwe Mke na Mume

 

Mwanamke wa Bumbire, Goziba au Ikuza akipoteza mimba ya kwanza hupewa pole. Ya pili, watu huanza kunong'ona. Ikitoka ya tatu familia hukaa kikao, na anayejadiliwa mara nyingi hayumo: ana jini, ana mkosi, kizazi kimeharibika, mume atafute mke mwingine. Kama mume amepimwa, hakuna anayeuliza.

Jibu moja kubwa limepatikana katika ziwa letu hili hili. Mwanza, watafiti waliwafuatilia wajawazito na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Katika wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto aliyefia tumboni. Na katika wanawake ambao hawakupimwa kabisa, karibu nusu ya vifo hivyo vya watoto tumboni vilisababishwa na kaswende. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini, hatari yao ilirudi kuwa kama ya mwanamke asiye na ugonjwa huo.

Kaswende hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote. Mtu anaweza kuwa ameipata kabla ya ndoa, au katika ndoa iliyopita, au kutoka kwa mwenzake ambaye naye hajijui. Na kipimo cha haraka cha zahanati huweza kuonyesha alama hata kwa mtu aliyekwisha kutibiwa zamani. Kwa hiyo karatasi ya kipimo si ushahidi wa zinaa, na kumtuhumu mke kwa karatasi hiyo ni jambo zito mno katika sharia. Mume naye atibiwe, la sivyo atamrudishia mkewe. Mwenye wake wawili, wapimwe wote watatu.

Malaria pia hutoa mimba, na Muleba tunaijua vizuri: ni wilayani humu ndimo vyandarua vyenye dawa ya ziada ya PBO vilijaribiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, na vikaonekana kuwakinga watoto kuliko vya kawaida. Mjamzito alale ndani ya chandarua, na akifika mwezi wa nne aulizie dawa za SP kliniki.

Mimba zinazotoka mapema, kabla ya miezi mitatu, ni habari nyingine. Nyingi huwa na kasoro katika mbegu zenyewe, na kasoro hiyo huweza kutoka kwa baba au kwa mama. Wanawake wengi hupimwa kila kitu na sababu haionekani. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza na Uholanzi uliwapa wanawake 836 wa namna hii homoni ya projesteroni au dawa bandia. Waliopata homoni walijifungua salama asilimia 66, waliopata dawa bandia asilimia 63. Dawa haikuleta tofauti ya maana, lakini tazama hesabu ya pili: wanawake waliokwisha kuharibikiwa mara tatu au zaidi, bila dawa yoyote, zaidi ya nusu walipata mtoto. Je, huyu ndiye wa kuachwa?

Homoni hiyo ina faida mahali pamoja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mjamzito anayetokwa damu mapema, na aliyekwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, akiipata hujifungua salama kwa asilimia 72, badala ya 57. Basi akiona damu asisubiri kisiwani mpaka boti ya wiki ijayo. Avushwe mapema, Rubya, Ndolage au Bukoba, na aeleze mimba zote zilizotoka na miezi yake.

Wapo ambao damu yao huganda kwenye kondo la nyuma. Hao, wakithibitishwa kwa kipimo kilichorudiwa, hupewa aspirini na sindano za heparini. Heparini nyingi hutokana na nguruwe, na swali hili limejibiwa: Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, mwaka 2003 liliruhusu heparini mpya panapokosekana mbadala wa halali unaotosha. Lakini isichomwe kwa kubahatisha.

Ama damu baada ya mimba kutoka: kwa madhehebu ya Shafi'i, kilichotoka kikiwa ni asili ya mtoto, hata pande la damu au la nyama, damu hiyo ni nifasi, na mwanamke ataacha Swalah mpaka itwaharike. Wengine, kama Hanbali, wameshurutisha umbo la binadamu liwe limeonekana, jambo ambalo kwa kawaida huwa baada ya siku 80. Kabla ya hapo ataswali. Amwulize shekhe wake, amweleze umri wa mimba na alichokiona.

Na Allaah Anajua zaidi.