Wimbo wako hauhitaji muhuri

"Metre, ni ofisi gani itanipigia muhuri wimbo wangu usiibwe?" Swali hili naletewa, mimi wakili wa hapa Bunia, na mwimbaji wa kwaya kutoka Mudzipela, na kijana wa rapu kutoka Nyakasanza, na mchoraji anayewauzia wafanyakazi wa mashirika picha zake, na vijana wanaopiga filamu kwa simu. Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa nalijibu kwa maandishi, ili atakayekuja tena aje na lile swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: "Metre, nisomee karatasi hii kabla sijaitia saini."

Ofisi hiyo haipo. Haipo Bunia, haipo Kisangani, haipo Kinshasa. Amri-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ambayo ndiyo sheria yetu ya haki za watunzi, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa sababu moja tu: ameitunga. Haki hiyo anaishi nayo maisha yake yote, na akifa warithi wake wanaendelea nayo kwa miaka 50. Katiba ya 2006, ibara ya 46, inaitaja na kuilinda. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kongo imo, unasema kwamba ulinzi wa mtunzi usifungwe na sharti lolote la kujiandikisha. Ndiyo maana wimbo uliotungwa Bunia unalindwa Nairobi na Paris bila mtunzi kugonga mlango wa afisa yeyote.

Najua imani ya muhuri ilikotoka. Majirani zetu wana ofisi zinazoandikisha kazi za sanaa: Kenya kuna KECOBO, Tanzania kuna COSOTA. Msanii wetu akirudi kutoka Nairobi anasimulia alichokiona, na wenzake wanadhani hapa kwetu tumenyimwa kitu. Hatujanyimwa. Hata huko, cheti ni ushahidi tu, wala si mama wa haki. Wengine wanachanganya na SOCODA, shirika lililoruhusiwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya ile SONECA ya zamani. Kazi ya SOCODA ni kukusanya malipo ya matumizi ya kazi na kuwagawia wanachama. Kadi yake inakuweka kwenye foleni ya malipo. Haikufanyi mtunzi, na kuikosa hakukuondolei utunzi.

Kuna sababu nyingine, na hiyo inanigusa zaidi. Katika mji uliopokea wakimbizi wa ndani kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wamefunzwa na vizuizi vya barabarani kwamba asiye na karatasi yenye muhuri hana la kusema. Siwalaumu. Ninaowalaumu ni wale waliofanya hofu hiyo kuwa biashara. Nimeonyeshwa kurasa za mashairi zenye mihuri mitatu, kila mmoja umelipiwa kwa dola, na mwenye nazo ameamini kwamba sasa yuko salama.

Hebu tuutazame muhuri wenyewe. Noteri au karani wa komine akigonga, anathibitisha kwamba siku fulani mtu fulani alimletea karatasi fulani, au kwamba saini ile ni ya mtu yule. Basi. Hakusikiliza wimbo. Hakuuliza nani aliupata ule mdundo usiku wa mazoezi. Hajui kama mstari wa pili ni wako au wa mpiga gitaa. Mwizi akitangulia asubuhi na maneno yako mkononi, atapigiwa muhuri uleule, kwa bei ileile, na karani hatakuwa amekosea chochote. Kinga gani hiyo, ambayo mwizi naye anauziwa? Wanaojitumia bahasha iliyofungwa kwa posta wamo katika shimo hilohilo: bahasha inaweza kutumwa wazi leo na kujazwa mwakani.

Thamani pekee ya muhuri ni tarehe. Na tarehe unazo tayari, nyingi, tena bila malipo: rekodi ya simu ya siku ulipoanza kuuimba wimbo kwa sauti ya chini, ujumbe wa sauti uliomtumia mwenzako kwenye WhatsApp, faili za kazi za studio, daftari lenye maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya, picha za turubai ikiwa nusu, watu waliokuwepo. Jaji huamini mfululizo wa namna hii kuliko ukurasa mmoja safi, kwa sababu unaonyesha kazi ikikua. Tatizo ni kwamba mnauza simu na kumbukumbu zake. Jitumieni faili hizo kwa barua pepe yenu wenyewe, na daftari msitupe.

Lakini hata ushahidi wa utunzi sio unaowaangusha wengi. Mtazameni Solomon Linda wa Johannesburg. Mwaka 1939 aliurekodi wimbo wake "Mbube" katika studio za Gallo. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishiwa maneno Marekani, mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya The Lion King. Mwaka 1952 Linda alikuwa ametia saini karatasi ya kukabidhi haki zake kwa shilingi kumi. Alikufa maskini mwaka 1962. Mabinti zake walipata malipo ya maana baada tu ya kesi iliyofunguliwa mwaka 2004 na kumalizwa kwa maelewano mwaka 2006, na walipata pa kuanzia kwa sababu sheria ya Uingereza ya 1911 ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Sheria hiyo haikuwahi kutumika Kongo, kwa hiyo msitegemee kuokolewa nayo. Muhuri hata mia moja usingemsaidia Linda chochote. Kilichomwangusha ni saini yake mwenyewe.

Mikataba ninayoletewa Bunia, wakati umeshapita, ina sentensi hiyohiyo: msanii anakabidhi haki zote, duniani kote, bila kikomo. Ivunjeni vipande. Haki ipi: kunakili, kuimba hadharani, kutia kwenye filamu, kuweka mtandaoni? Nchi zipi? Miaka mingapi? Asilimia ngapi, na hesabu italetwa lini, na nani? Mjue pia kwamba wimbo ni kitu kimoja na rekodi yake ni kingine. Aliyelipia studio anaweza kuwa na haki juu ya rekodi huku utunzi ukibaki wako. Mtengeneza biti naye ana fungu lake. Mgao wa asilimia uandikwe siku ileile ya kurekodi, mbele ya wote, majina na saini, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Baada ya wimbo kupendwa, kila mtu atakumbuka tofauti.

Mengine ambayo wasanii huniuliza nayapitia haraka.

Kufanya kazi kihalali: tangu 12 Septemba 2012 Kongo imo OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria yake ya biashara ya 2010 inamruhusu mtu mmoja kujitangaza mjasiriamali mdogo kwa tamko tu, ambalo kisheria halina malipo, sharti ni kuweka daftari la mapato na matumizi la kila siku. Mkiwa watano mnaweza kuunda ushirika, na mashirika hupenda zaidi kuagiza kazi kwa kikundi chenye jina kuliko kwa simu ya mtu.

Studio au karakana ya kupanga: sheria hiyohiyo ya biashara ya 2010 inalinda pango la kazi yoyote ya kitaalamu, hata la makubaliano ya mdomo. Ukishafanya kazi pale miaka miwili kwa mujibu wa mapatano, una haki ya kudai pango lifanywe upya, na kama mapatano hayana mwisho, mwenye nyumba lazima akupe notisi ya miezi sita isiyopungua. Tunzeni risiti za kodi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Nyumba ya kulala: sheria nambari 15/025 ya 31 Desemba 2015 inaweka garanti ya makazi isizidi miezi mitatu. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, akidai sita, mwonyeshe sheria. Ugomvi uanzie huduma ya makazi kabla ya mahakama.

Tamasha: jimbo letu limekuwa chini ya mamlaka ya kijeshi tangu Mei 2021, kwa hiyo kibali kiombwe mapema, na mkataba wa ukumbi useme malipo ya awali yanarudishwa kibali kikikataliwa.

Asiye na pesa za wakili aulize ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili. Nenda na mkataba mzima, kurasa zote, pamoja na jumbe mlizoandikiana, na uende kabla kalamu haijagusa karatasi.