Muda wa mlio wa simu waweza kumkosesha mfanyabiashara mnunuzi

WAFANYABIASHARA wa mazao mkoani Tabora ambao simu zao za mkononi zimeunganishwa na sanduku la sauti wanaweza kuwa wanapoteza wanunuzi kwa sababu ya jambo dogo ambalo wengi hawajui kuwa linarekebishika. Jambo hilo ni idadi ya sekunde ambazo simu hulia kabla sanduku halijaipokea.

Katika mitandao mingi duniani muda huo huwekwa tangu mwanzo kuwa sekunde 15 au 20. Kwa mtu wa ofisini aliyeweka simu juu ya meza, sekunde 20 zinatosha na kubaki. Kwa anayepima asali ni chache mno. Mikono imejaa nta, dumu liko juu ya mizani, na simu iko ndani ya koti lililotundikwa nyuma ya duka. Hadi amalize kunawa, mnunuzi aliyepiga kutoka Mwanza au Dar es Salaam amekwisha kusikia sauti ya mashine ikimtaka aache maneno.

Hapo ndipo gharama inapoanzia. Kwa hesabu za mtandao, simu iliyopokewa na sanduku ni simu iliyopokewa, sawa na ile iliyopokewa na mtu. Mpigaji huanza kukatwa salio sekunde ile ile sanduku linapoitika, hata kama hakuacha neno lolote. Simu ikilia mpaka ikakatika bila kupokewa, hakatwi kitu. Mkulima wa karanga wa Urambo aliyebakiwa na salio dogo, akitaka kuuliza bei ya gunia kabla ya kupakia, akipiga mara tatu na mara zote tatu sanduku likaitika, anaweza kumaliza salio lake bila kupata bei. Mtu huyo hatapiga mara ya nne. Atampigia mnunuzi mwingine.

Hasara ya pili inahusu kubipu, desturi iliyoenea Afrika Mashariki yote tangu simu za malipo ya kabla ziwe za watu wengi. Anayebipu huacha simu ilie mara moja au mbili kisha hukata, na mwenye namba hujua ni nani wa kumpigia. Kati ya mnunuzi na muuzaji waliozoeana, mlio mmoja unaweza kuwa ishara kamili kwamba mzigo umefika stesheni. Sanduku lililowekewa sekunde 5 huharibu lugha hiyo, kwa kuwa aliyekusudia kubipu hujikuta ameunganishwa na kutozwa.

Kosa la wengi ni kutafuta marekebisho ndani ya simu yenyewe. Saa inayohesabu sekunde hizo haimo ndani ya simu, imo kwenye mitambo ya mtandao. Kubadili simu, basi, hakusaidii, na sehemu ya kuhamisha simu iliyo kwenye menyu za simu nyingi huonyesha namba tu bila sekunde. Njia ya uhakika zaidi ni kubonyeza alama zilizowekwa katika kanuni za GSM, mfumo ambao simu yake ya kwanza ya kibiashara ilipigwa nchini Finland tarehe 1 Julai 1991 na ambao baadaye ulienea hadi nchi zetu.

Mwenye laini huanza kwa kuuliza. Hubonyeza *#61# kisha kitufe cha kupiga. Mtandao hujibu kama simu zisizopokelewa zinahamishwa na, kama ndivyo, zinakwenda namba ipi. Namba hiyo ndiyo ya sanduku na inafaa kuiandika kwenye karatasi, maana itahitajika mara moja.

Kuongeza muda, hubonyeza nyota mbili, 61, nyota, namba ile ya sanduku, nyota, 11, nyota, idadi ya sekunde, kisha alama ya reli na kitufe cha kupiga. Kwa maandishi ni **61*namba*11*30#. Ile 11 huuambia mtandao kwamba amri inahusu simu za maongezi. Sekunde huenda kwa hatua za tano tano, kuanzia 5 hadi 30. Kanuni haziruhusu zaidi ya 30, kwa hiyo anayetaka dakika nzima hataipata kwa njia hii. Pale mlio unapokuwa wa sekunde moja na kimya cha sekunde nne, kama ilivyozoeleka katika nchi nyingi, 20 ni milio minne na 30 ni milio sita. Milio hiyo miwili ya ziada ndiyo nafasi ya kutua dumu chini.

Mtandao ukikataa amri hiyo, na si kila kampuni huiruhusu, mteja hana budi kuwaomba watu wa huduma kwa wateja wambadilishie wao. Asiyetaka sanduku kabisa hubonyeza ##61#. Kwa muuza duka wa kawaida ambaye wateja wake ni watu wa salio dogo, hilo la kuliondoa ndilo lenye faida zaidi. Simu italia mpaka ikatike, aliyepiga hatapoteza kitu, na namba yake itabaki kwenye orodha ya simu ambazo hazikupokelewa.

Hata hivyo, ipo hali moja ambayo sekunde 30 haziitibu. Mfugaji nyuki aliye ndani ya misitu ya Sikonge, mbali na mnara wowote, simu yake hailii kabisa. Mtandao haumwoni, na kama ameunganishwa na sanduku, mpigaji hutupwa huko mara moja. Hali hiyo ina alama yake, 62, na huulizwa kwa *#62#. Mtu anaweza kuondoa sanduku kwenye 61 akashangaa wateja wakiendelea kulalamika kuwa wanakatwa salio. Sababu ni kwamba 62 ameiacha ilivyokuwa. Kwa simu inayotumika, yaani mwenyewe yuko kwenye maongezi mengine, alama ni 67.

Tabora si mji mgeni kwa habari zinazokwama njiani. Henry Stanley, aliyefika Unyanyembe Juni 1871 baada ya miezi mitatu ya safari kutoka Bagamoyo, alikuta huko mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe 1 Novemba 1870. Mwenye barua alikuwa mbali zaidi magharibi, na mfuko ukawa umelala tu pale kwenye njia ya misafara. Ulimfikia Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, kwa kuwa Stanley mwenyewe aliubeba. Maneno yaliyomo kwenye sanduku la sauti yana hali kama hiyo: hayamfuati mwenyewe. Hukaa yalipo mpaka ayaendee, na bei ya mchele ya asubuhi ikisikilizwa jioni si bei tena.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wafanyabiashara wataona afadhali kuweka namba ya mtu mahali pa namba ya sanduku. Amri ni ile ile, ila namba inayoandikwa ni ya msaidizi wa dukani au ya mshirika aliye ghalani. Hapo muda mfupi ndio bora. Kwa sekunde 15 mwenye simu anapata nafasi ya kupokea, na asipopokea mnunuzi hahitaji kungoja sana kabla msaidizi hajaitika. Ila gharama huhama nayo: kwa kawaida mpigaji hulipia mpaka kwenye namba aliyopiga, na kipande cha pili, kutoka namba hiyo hadi kwa msaidizi, hulipiwa na aliyehamisha. Anayepokea simu nyingi ndefu apige hesabu kwanza. Simu za WhatsApp hazihusiki na lolote kati ya haya, kwani hazipitii saa hiyo ya mtandao.

Alama ya kuogopwa ni 21. Hiyo huhamisha simu zote bila kungoja hata sekunde moja, na simu ya mwenye namba hailii kamwe. Matapeli huitumia kwa kumpigia mtu wakijifanya ni wafanyakazi wa kampuni ya simu na kumwomba abonyeze **21* na namba wanayomtajia. Akikubali, simu za wateja wake huanza kupokelewa na wao, zikiwamo za kuulizia malipo ya mzigo. Aliyeona simu yake imekuwa kimya isivyo kawaida siku ya soko abonyeze *#21# aone. Akikuta namba asiyoijua, ##002# hufuta uhamishaji wote kwa mkupuo, ikiwa ni pamoja na ule wa sanduku, na baada ya hapo atalazimika kuweka upya sekunde zake.