Mhandisi wa Ngungu Hupotea Akiwa na Miaka 14

Ngungu iko kusini mwa Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, kwenye milima inayopakana na Kalehe. Kaskazini yake ipo Rubaya, ambako hutoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Magharibi, baada ya misitu na mito mingi, kuna Walikale na mgodi wa bati wa Bisie, ambao mawe yake ni miongoni mwa yenye kiwango kikubwa kabisa cha bati duniani. Watu wa huku hawako mbali na sayansi. Wanaichimba, wanaiosha na kuibeba mgongoni kila siku. Lakini wanaopima madini, wanaosanifu mashimo na kutia sahihi ripoti mara nyingi wametoka kwingine.

Hoja yangu ni kwamba mtoto wa Ngungu hakosi akili, wala hapotelei chuo kikuu. Anapotea mapema, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, pale anapotakiwa kuchagua mchepuo wa sekondari na kukuta kwamba mchepuo wa sayansi haupo. Tukilielewa hilo vizuri tutajua pia pa kuanzia kazi.

Kazi ya sayansi bila cheo cha sayansi

Tuanze na koltani yenyewe. Ni mchanganyiko wa madini mawili yenye undugu, kolumbiti na tantaliti. Kinachotafutwa zaidi ndani yake ni tantali, metali isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 3,000 za Selsiasi. Hutengenezewa kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Tantaliti ni nzito: kwa ujazo uleule, uzito wake unazidi mara mbili uzito wa mchanga wa kawaida. Ndiyo maana huoshwa kwa maji yanayotiririka. Mchanga mwepesi huchukuliwa na maji na mawe meusi hubaki chini, kama pumba zinavyopeperuka mama anapopepeta mpunga. Hiyo ni fizikia, na Masisi imejaa watu wanaoifanya kwa ustadi mkubwa, wakiwamo wanawake wanaoshinda wakitwanga na kuosha mawe.

Mambo hubadilika ukifika wakati wa bei. Bei hufuata asilimia ya oksidi ya tantali iliyomo, na asilimia hiyo haionekani kwa jicho. Hupimwa kwa kifaa kinachopiga miale ya eksirei kwenye sampuli. Kila elementi hujibu kwa mionzi yenye nishati yake ya pekee, na kifaa husoma majibu hayo. Mnunuzi mwenye kifaa anajua anachonunua. Mchimbaji asiye nacho, na asiyejua kinavyofanya kazi, hana la kujibu anapoambiwa mzigo wake ni hafifu. Fundi wa maabara aliyezaliwa palepale, anayeaminiwa na pande zote mbili, angeyageuza mazungumzo hayo.

Kuna pia suala la uhai. Kila msimu wa mvua, kingo za mashimo huporomoka na kuzika watu. Sababu yake inajulikana. Maji yakijaa katika vinyweleo vya udongo, shinikizo lake hutenganisha chembe, msuguano uliokuwa ukizishika hupungua, na mteremko uliosimama wima miezi mitatu huanguka kwa dakika moja. Mchimbaji akikata mguu wa mlima kufuata mwamba wenye madini, anaondoa kilichokuwa kikiuegemeza. Dawa yake nayo inajulikana: kukata mteremko kwa ngazi, kuchimba mifereji ya kuyapeleka maji pembeni, na kukagua nyufa za juu kila asubuhi kabla watu hawajashuka. Si teknolojia ya gharama kubwa, ila inahitaji mtu aliyesomea miteremko, anayeijua lugha ya wachimbaji, na mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna kushuka.

Hali ya Watwa, watu wa asili wa misitu hii, ni nzito zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi ndani ya Walikale. Watwa waliokuwa wakiishi msituni waliondolewa. Baadhi yao waliajiriwa kufuatilia nyayo za gorila, kwa sababu hakuna aliyewazidi kusoma jani lililovunjika, kinyesi au kitanda cha usiku. Watafiti wengi wameandika juu ya gorila kwa kuongozwa na macho hayo. Kufuatilia mnyama bila kumshtua, kukadiria umri wa alama na kutambua mmoja mmoja katika kundi ni ujuzi wa biolojia ya nyanjani. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mtoto wa mfuatiliaji nyayo kutoka darasani hadi shahada, kisha jina lake kwenye utafiti. Sheria ya Julai 2022 juu ya haki za watu wa asili wa Kongo imewatambua. Utambuzi huo utakuwa na maana watakapopatikana Watwa wanaoongoza utafiti wa msitu wa babu zao.

Mlango unapofungwa

Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali nchini Kongo ni bure. Ni hatua kubwa, ingawa imeleta msongamano madarasani. Baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi, inayojumlisha ile 2 ya mwanzo wa sekondari, mwanafunzi huingia miaka 4 ya mwisho. Hapo huchagua mchepuo, au opsio kama wanavyosema wanafunzi wa Kivu: sayansi, ualimu, biashara, ufundi na kadhalika. Mwisho wake ni mtihani wa serikali, Exetat.

Sasa fikiria mkuu wa shule ya milimani anayetaka kufungua mchepuo. Ualimu na biashara vinaweza kuanza kwa ubao, chaki na walimu wachache. Sayansi inataka maabara, kemikali, hadubini na mwalimu wa fizikia. Ufundi wa umeme au mitambo unataka karakana. Karo za wazazi wakulima haziwezi kununua vitu hivyo, kwa hiyo shule hufungua kile kinachowezekana. Kijana anayependa hesabu anasomea ualimu au biashara kwa kukosa chaguo jingine. Miaka 4 baadaye anashika diploma mkononi, lakini fizikia na hesabu alizosoma hazitoshi kumpitisha salama mwaka wa kwanza wa uhandisi. Mlango ulikwisha fungwa bila yeye kujua.

Njia nyingine ni kumhamishia Sake au Goma. Hapo panahitajika kodi ya chumba, chakula, nauli na ndugu wa kumpokea. Familia ikiwa na uwezo wa kumpeleka mmoja, mara nyingi atakwenda mvulana. Kwa msichana wazazi wanaogopa barabara, wanaogopa kumwacha peke yake mjini, na kazi za nyumbani zinamngoja. Hofu hiyo si ujinga. Ni hesabu ya mzazi anayejua hatari za eneo lake, na inajibiwa kwa bweni salama, si kwa hotuba.

Uganda inatufundisha jambo hapa. Tangu 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kimewaongezea wasichana alama 1.5 wakati wa kudahiliwa. Idadi ya wanawake chuoni iliongezeka sana, na hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini walionufaika zaidi walikuwa wa masomo ya sanaa na jamii. Katika sayansi na uhandisi ongezeko lilikuwa dogo, kwa sababu alama za ziada haziwezi kumsaidia msichana ambaye hakuwahi kupewa fizikia sekondari. Upendeleo wa chuo kikuu hauwezi kurudisha kilichopotea miaka kadhaa kabla.

Kongo yenyewe imewahi kuonja tofauti hii kati ya kuwa na vifaa na kuwa na watu. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru ikiwa na wahitimu Wakongo wa chuo kikuu wasiozidi 30. Mwanamke wa kwanza Mkongo kuhitimu chuo kikuu, Sophie Kanza, alingoja hadi 1964.

Lugha na vita

Mtoto wa Ngungu huzaliwa akisikia Kitembo, Kihunde au Kinyarwanda, anajifunza Kiswahili sokoni na darasa la kwanza, kisha anaulizwa juu ya nguvu na kasi kwa Kifaransa. Akishindwa, hatujui kama kilichomshinda ni fizikia au sentensi. Mwalimu mzuri hueleza dhana kwa Kiswahili mpaka ieleweke, halafu hufundisha istilahi za Kifaransa zitakazoulizwa kwenye Exetat. Mbinu hii haina gharama, lakini inahitaji kuruhusiwa waziwazi na kufundishwa vyuoni, badala ya walimu kuitumia kwa kujificha.

Vita navyo vina namna yake ya kuchagua. Aprili 2024 Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Januari 2025 Goma. Familia zikikimbia, mwanafunzi wa mwaka wowote hupoteza masomo, ila wa sayansi hupoteza zaidi. Hesabu za mwaka huu zinajengwa juu ya za mwaka jana, na pengo la mihula miwili halizibwi kwa kusoma daftari la rafiki. Mipango yote ya kupanua sayansi Kivu lazima iwe na darasa la kufidia kwa waliohama, la sivyo itawahudumia waliobahatika kutulia tu.

Waliopita wanatuonyesha nini

Sandrine Mubenga alikuwa na miaka 17 alipolazwa hospitalini Kikwit akihitaji upasuaji wa haraka, na umeme haukuwapo. Baba yake alihangaika kutafuta mafuta ya jenereta. Binti alipona, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, akawa profesa, na mwaka 2018 akaanzisha mpango wa kuwafadhili vijana wa Kongo kusomea sayansi na uhandisi. Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walitengeneza roboti za kuongoza magari barabarani. Raïssa Malu, mwanafizikia, alianzisha wiki ya sayansi mwaka 2014 na mwaka 2024 akawa waziri wa elimu.

Karibu zaidi na Ngungu, mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 ulichukua zaidi ya watu 2,200, wengi wao wa Kivu Kaskazini. Katikati ya msiba huo jaribio la dawa nne lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, na mwaka 2019 likatoa dawa mbili zilizookoa maisha. Wauguzi na mafundi wa maabara wa mkoa huu walikuwa ndani ya kazi hiyo.

Mifano hii inatia moyo, ila mfano hautoshi. Mwaka 1988 Freeman Hrabowski, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, alisaidia kuanzisha mpango wa Meyerhoff kwa ajili ya vijana weusi waliopenda sayansi. Hakuwapa fedha peke yake. Aliwakusanya kabla ya mwaka wa kwanza, wakasoma hesabu pamoja, wakaishi pamoja na kuingizwa maabara mapema. Mwanafunzi aliye peke yake akifeli jaribio moja huamini hapo si mahali pake. Aliye katika kundi hugundua kwamba wenzake nao wamefeli, na wanarudia wote.

Pa kuanzia

Kwanza, kila groupement, yaani kundi la vijiji, iwe na shule moja yenye mchepuo wa sayansi, na shule za jirani zishirikiane kutumia maabara inayozunguka kwa gari au pikipiki: hadubini chache, mizani, nyaya, betri, kemikali za msingi. Pili, shule hiyo iwe na bweni la wasichana, na nafasi zilizotengwa kwa watoto wa Watwa na wa waliohama. Tatu, wanaochaguliwa kwenda Goma waende kwa makundi, baada ya miezi ya maandalizi ya hesabu na Kifaransa, na si mmoja mmoja.

Fedha zipo kisheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inaipa serikali ya mtaa yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na kuidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Rubaya vita vimevuruga utaratibu huo. Huko Walikale, ambako bati ya Bisie inauzwa rasmi, utaratibu huo unaweza kutumika sasa, na wakazi wana haki ya kudai sehemu yake ijenge maabara za sekondari. Wala si ndoto kwamba watu wa vijijini wanaweza kusimamia jambo kama hili: Kasugho, wilayani Lubero, jamii iliyotenga hifadhi ya gorila ya Tayna ilianzisha pia chuo kikuu cha uhifadhi.

Mzazi anayesoma haya aulize swali moja kwenye mkutano ujao wa shule: mchepuo wa sayansi utafunguliwa lini, na nini kinakosekana? Jibu likiandikwa kwa orodha na gharama, mbunge, chifu na kampuni watakuwa na kitu cha kujibu. Mtoto aliye darasa la sita leo ana miaka miwili tu kabla ya kufika kwenye mlango huo.